Kimya cha Muuza Omena

Mwaka niliotolewa shuleni nikiwa na miaka kumi na miwili ndio mwaka shida ziliponianza, na tangu hapo nimejisomesha kwa randa na msumeno. Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wangu wa safu hii wamezoea kunisikia nikijisifu, na leo sina budi kujicheka. Jumanne nilikuwa kituo cha Kawangware 56 nikibishania bei ya gundi nilipopigiwa simu kwamba muuza omena wa Kisumu Ndogo, Kibera, jirani yangu wa kazi kwa miaka mingi, ameaga dunia. Niliiacha gundi. Huyo mama ndiye mtu pekee aliyewahi kunishinda kwa maneno.

Nilipofungua karakana yangu kule Kibera, yeye alikuwa na kibanda mbele, kando ya njia. Mimi nilikuwa nyuma, ambako mteja alifika akiwa amepotea. Nikaitamani ile mbele. Siku moja nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua sheria, "Mama, tubadilishane nafasi. Ukinyamaza mpaka Jumapili, nitajua umekubali." Akaendelea kupepeta omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Jumatatu nilifika na mbao, mabati na vibarua wawili.

"Fundi, unajenga wapi?"

"Kwangu. Si ulinyamaza?"

"Omera, ndugu yangu! Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na wateja!"

Nikamwita mzee wa kijiji atuamue. Tulikaa pale pale kibandani saa ya chakula, naye mama akatupakulia ugali na omena, mimi mshtaki wake nikiwemo. Nikaieleza kesi yangu kwa madaha: nimependekeza, hakupinga, basi tumepatana. Mama akasubiri nitie tonge kubwa mdomoni, kisha akasema upesi, "Fundi, vyumba vyako vya kupangisha kule Kawangware navitaka vyote, nikupe sahani hii ya omena. Ukinyamaza mpaka mzee anawe mikono, umekubali." Yule mzee, msaliti mkubwa, akainuka kuelekea kwenye jagi la maji. Nilitafuna kama mtu anayefukuzwa. Nikajaribu kusema la, nikapaliwa, machozi yakanitoka. Mzee akapangusa mikono, akaniuliza, "Sasa tuseme vyumba vimeenda?" Watu walicheka mpaka njia ikafungika, na vibarua wangu ndio waliocheka zaidi.

Nikarudisha mbao nyuma. Wiki hiyo hiyo tukapatana kama watu wazima: mimi nimwezekee paa la kibanda, yeye aniachie mbele nafasi ya kusimamisha kitanda kimoja wateja wakione. Alinifanya nirudie mara mbili, kisha akasema kwa sauti, "Nimekubali." Miaka baadaye nikamsikia wakili redioni akifundisha mkataba: pendekezo la mmoja, ukubali wa mwenzake, kila upande utoe kitu, na wote wawe na nia ya kufungwa na maneno yao. Nikaizima redio. Somo hilo nilishalipata, tena nusura linitoe roho.

Ila naona wengi hawajalipata. Juzi Riruta nimeona tangazo kwenye geti la ploti: kodi inapanda, asiyelalamika amekubali. Mwenye ploti hajui kwamba mtu hunyamaza kwa sababu anaogopa, au hajasikia, au ana tonge mdomoni. Ukitaka ndiyo ya mtu, mngoje aitamke.

Jana binti wa yule mama wa omena alinijia karakanani kabla ya kuusafirisha mwili kwenda nyumbani kwao kando ya ziwa. "Baba, wewe na mama mlipatana nini kuhusu hapa mbele? Mimi sijui lolote." Mzee wa kijiji alishafariki, na vibarua sijui waliko. Ningeinamisha kichwa tu, angedhani ni majonzi, na akirudi angekuta vitanda vyangu vimefika njiani. Wazo hilo lilinijia, lazima niseme ukweli. Safari hii mdomo ulikuwa mtupu.

"Mbele ni kwenu," nikamwambia. "Changu ni nafasi ya kitanda kimoja."

"Una hakika, baba?"

"Nimetamka."

Basi leo nina vyumba sita vya kupangisha Kawangware, karakana Kibera upande wa nyuma, randa mbili, msumeno mmoja mzuri, na nafasi ya kitanda kimoja kando ya kibanda cha omena, ambacho si changu.