Siku Nilipomtangulia Mama Onyango

Sukari ikiungua kidogo sufuriani, popote nilipo, mimi hurudi Awendo. Harufu hiyo iko karibu sana na ile ya molasi iliyotoka kiwanda cha sukari na kuingia kanisani kwetu kupitia madirisha yasiyo na vioo, tamu hadi kuudhi, ikakaa nasi kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho. Wageni walisema inawaumiza kichwa. Sisi tulishaizoea. Kwangu mimi ni harufu ya aibu, na siogopi kuwasimulia, kwa sababu aibu hiyo iliisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, limezungukwa na miwa pande tatu. Wenyeji tulikuwa Wajaluo, lakini wakata miwa wengi walitoka mbali, kuna Wakuria, kuna Wakisii, kuna Waluhya, na walikaa mabenchi ya nyuma na nguo zao za Jumapili. Kwa ajili yao kila neno la Kijaluo lilitafsiriwa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Msemaji anasema, ananyamaza, mkalimani naye anasema, ananyamaza. Mkalimani wetu alikuwa Mwalimu Ochieng', mtu mtaratibu aliyetafsiri hata kikohozi cha mhubiri.

Na palikuwa na Mama Onyango. Alikuwa mjane, anaishi peke yake ng'ambo ya shamba la miwa, na mwanawe Onyango alikuwa fundi wa nguo huko Nakuru. Mama huyu alikuwa na ushuhuda mmoja. Zamani alikuwa akiutoa mara mojamoja, lakini mwaka huo nilipokuwa na miaka kumi na miwili alianza kusimama karibu kila Jumapili. Onyango akiwa mdogo alishikwa na malaria kali, mvua inanyesha, gari hakuna. Dereva wa trakta ya miwa akawabeba. Trakta ikakwama matopeni karibu na mto. Dereva akashuka, na gambuti lake la kushoto, lile buti la mpira, lilikuwa limepasuka. Mama Onyango hakuwahi kuliruka hilo gambuti. Akaomba, trakta nyingine ikatokea na kuwavuta, mtoto akafika hospitali, akapona.

Sisi watoto tuliujua wote kwa moyo. Nyuma ya choo cha shule mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kumwigiza, mkono kiunoni, macho juu, nikivuta maneno yake marefu marefu mpaka wenzangu wanalala chini kwa kicheko.

Jumapili moja mke wa Mwalimu Ochieng' alijifungua, na mwalimu hakuja. Mchungaji akatazama huku na huku, kisha akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa nimezaliwa Kisumu mjini na Kiswahili changu kilisifiwa. Nilipanda mbele na gauni langu la kola nyeupe, kichwa kimevimba. Nikatafsiri matangazo, nikatafsiri salamu za wageni. Halafu Mama Onyango akasimama.

Mwanzo nilimsubiri. Lakini alikuwa akisema maneno matano, anapumua, anatazama sakafu, anasema mengine matatu. Jua lilikuwa limepasha mabati moto na tumbo langu lilikuwa likiuliza habari za chakula. Alipofika kwenye trakta, nikasema mimi kwamba ilikwama kabla yeye hajaikwamisha. Mabenchi ya nyuma yakacheka. Kicheko kile kilinipendeza, nisiwafiche. Akafungua mdomo, nikalitoa gambuti. Akafungua tena, nikaleta trakta ya pili, nikawafikisha hospitali, nikamponya mtoto, nikasema Bwana asifiwe. Mkata miwa mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mtoto ako mbio kuliko trakta," na kanisa zima likaangua kicheko.

Mama Onyango alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. Akasema kwa Kijaluo, polepole vilevile, "Umenitangulia, nyathina. Basi maliza wewe." Nami, kwa ule ujinga wa kazi niliyopewa, nikafungua mdomo nikawatafsiria watu na hilo pia: umenitangulia, mwanangu, basi maliza wewe. Hakuna aliyecheka. Akarudi kuketi.

Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alitembea nami hadi nyumbani. Nilitamani anichape tumalize. Tulipofika mlangoni alisema, "Mungu anasikiliza maombi yetu yaleyale tangu tuzaliwe, na hajawahi kutumalizia sentensi. Kesho ukitoka shule utaenda kwa Mama Onyango. Utakaa mpaka yeye mwenyewe amalize."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Siku ya kwanza nilimwomba msamaha, akanisamehe, akanipa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na tukamenya njugu mpaka jua likashuka. Ushuhuda hakuutaja. Siku ya pili ilikuwa njugu tena. Nikamwambia baba kwamba mama yule hana la kumaliza. Baba akaniuliza kama njugu zimeisha.

Siku ya tatu alianza. Alianza mwanzo kabisa, kwenye homa, kwenye mvua, na nawaambieni kweli, nililiona lile gambuti likija kutoka mbali na nikauma ulimi. Alinyamaza katikati ya maneno, nikamenya njugu. Akasahau alipofika, akarudi nyuma, trakta ikakwama mara ya pili. Nikameza mate. Hatimaye mtoto akapona. Nilikuwa tayari nimeinua kichwa niseme Bwana asifiwe, nikajizuia, na ni kwa kujizuia huko ndipo niliposikia kumbe kulikuwa na maneno mengine.

"Aliyemponya mtoto wangu yupo," alisema. "Sasa mimi mwenyewe nina uvimbe hapa." Akaweka mkono kando ya titi. "Una miezi saba. Kila Jumapili nasimama nikisema leo nitawaambia watu waniombee, wanisindikize hospitali. Nikifika mwisho moyo unakataa. Ile Jumapili uliponitafsiria, moyo ulikuwa umekubali."

Sikujua uvimbe ni nini hasa, lakini nilijua shangazi yetu mmoja alikuwa na uvimbe na tulimzika. Baridi ikanishika na jua linawaka. Akaniambia nikamwambie mama yangu, mama yangu peke yake. Nilikimbia katikati ya miwa, majani yananikata mikono, na sikujali.

Kesho yake mama alimpeleka Homa Bay, hospitali. Walikata kipande kikapelekwa kupimwa, tukaambiwa tungoje wiki tatu. Zile wiki tatu sitazisahau. Sikumwigiza mtu. Nilikuwa naamka na kulala na wazo moja tu, kwamba akifa, ni kwa sababu niliwachekesha watu.

Majibu yalitoka siku ya Alhamisi. Mama aliingia jikoni, akavua viatu, akakaa chini kabisa sakafuni, akasema haikuwa saratani, wameshautoa uvimbe wote na Mama Onyango anataka chai yenye sukari nyingi. Baba alicheka hadi akatoa machozi. Mimi nililia na sufuria mkononi, nikahisi mwili mzima umekuwa mwepesi, nikala chakula cha usiku mara mbili.

Alirudi kanisani baada ya mwezi, amekonda, amevaa kitambaa kipya cha kichwani. Akaomba kushuhudia, na akasema nimtafsirie mimi. Tulisimama bega kwa bega. Alikwenda mwendo wake uleule. Alipofika kwenye uvimbe alinyamaza, akanyamaza sana, hadi watu wakaanza kujikohoza. Neno nilikuwa nalijua. Nilikaa kimya. Akalisema, nami nikalisema baada yake.

Nilitoka nje siku ile nikijipongeza kwa uvumilivu wangu. Miaka mingi nilijipongeza, hata nikawa nausimulia kwenye vipindi vya vijana kama mfano mwema. Kisha mwaka juzi nikawa namfundisha ukalimani msichana mmoja mwenye haraka zangu zilezile, ananikatiza, ananimalizia, natamani kumbadilisha na mwingine, ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelipita. Asubuhi ile ya ushuhuda wake wa mwisho Mwalimu Ochieng' alikuwapo. Alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono magotini, hana kazi. Mama Onyango alimpita, akaja akaniita mimi, akanipa sentensi iliyokuwa nzito kuliko zote maishani mwake, kisha akanyamaza, akaningoja.