Kila Mtu na Lundo Lake

Mwaka ule tulikuwa watatu tukipiga alizeti za watu kutoa mbegu huko Mtinko: mimi, shemeji yangu ambaye ni mdogo wake mke wangu, na mama mmoja jirani yetu, mjane aliyenizidi miaka kama ishirini. Mwenye shamba alilipa kwa gunia, nasi tukagawana sawa kwa sawa. Sikuwa na neno, mpaka siku niliyojitazama nikaona nimelowa jasho mgongo mzima, na yule mama kakaa chini, kanyoosha miguu, anagonga vichwa vya alizeti kwa kijiti huku akisimulia harusi ya kanisani kwao.

Mimi nilipiga nimesimama. Nilitumia fimbo ndefu ya kuchungia ng'ombe, na kila nilipoishusha niliguna. Niliamini mpita njia yeyote angejua nani hasa anafanya kazi pale.

Nyumbani nikamlalamikia mke wangu. "Nawabeba wale. Wote wawili, na mdogo wako akiwemo."

"Si uwaambie?" akajibu, bila kuacha kuchambua mlenda.

Asubuhi nikawaambia. Nilimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, kisha nikatoa hotuba niliyoiandaa njiani. Nilisema haki ni mtu kulipwa kwa kazi yake, na kwamba kugawana sawa kunalemaza watu. Nadhani niligusia hata maendeleo ya taifa. Shemeji alitazama chini.

"Kwa hiyo unatakaje, baba?" mama akauliza.

"Kila mtu na lundo lake, kila mtu na magunia yake."

"Haya," akasema, akakaa, akaendelea na habari za harusi pale alipoishia.

Kufika jioni alikuwa amejaza magunia mawili. Shemeji moja na nusu. Mimi nilikuwa bado napepeta. Nguvu zangu zote zilikuwa zimevunjavunja vile vichwa, mbegu zikachanganyika na takataka, na nusu ya siku nikaimaliza na ungo mkononi, nikipuliza vumbi likinirudia usoni.

Kesho yake nikadai lundo langu lina vichwa vibichi.

"Basi tubadilishane," mama akasema papo hapo.

Tukabadilishana. Jioni alikuwa na mawili tena, safari hii kutoka kwenye lundo nililolikataa. Mimi moja, na halikujaa vizuri. Nililivutavuta ili lionekane limejaa.

Siku ya malipo ilipofika, nilikuwa nimebadilika kabisa. Niliwakumbusha kwamba sisi ni majirani na ndugu, kwamba tumekula pamoja, tumekunywa maji ya dumu moja. "Tusitengane kwa ajili ya magunia," nikasema, na sauti ilikaribia kutetemeka. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Mama hakucheka. "Hapana, baba. Siku ile ulisema vizuri sana. Mimi nina wajukuu wanasoma, na miaka yote nimegawana sawa na watu wenye kelele. Acha na mimi nichukue changu."

Nilikasirika, halafu nikaona aibu. Haikuwahi kunijia kwamba katika ule usawa wetu kulikuwa na mtu anayepunjwa, na si mimi. Shemeji alimnunulia dada yake kitenge. Mimi nilimpelekea mke wangu maelezo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mama kumwomba anifundishe. Aliniketisha, akaninyang'anya fimbo, akanipa kijiti. "Gonga kichwa cha alizeti kwa nyuma, taratibu. Hakijakukosea kitu."

Kwenye shamba lililofuata nilifikisha magunia manne kwa siku tatu. Nilijivuna kiasi kwamba nilimwita mwenye shamba aje ahesabu mara ya pili, mbele ya watu wote. Akahesabu, akachungulia alama tulizoweka kwenye magunia, akakuta moja ni la shemeji, limeegeshwa upande wangu kwa bahati mbaya.