Dawa ya Goti la Runji

Tangu Mzee Runji wa Ishiara ateleze shambani, kano za goti lake zilikakamaa. Daktari wa viungo alimwagiza alikande kwa maji moto, kisha alinyooshe. Maji moto aliyapenda; kunyoosha alikuona mchezo wa watoto wa nasari. Ila mkewe, Marigu, alikataa katakata kumchemshia.

Basi mwanamume ambaye hakuwahi kukanyaga jikoni akawa kila asubuhi anachuchumaa kupuliza moto, anainuka kuchota maji, anachuchumaa tena. Mwezi haukuisha, akaingia kanisani bila mkongojo na kutoa ushuhuda: “Joto tu ndilo lililoniponya!”

Marigu aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kesho yake akamtwisha sufuria ya mahindi na maharagwe mabichi.

“Baba Njeru, kama dawa ni joto, githeri inakawia motoni kuliko maji.”