Msiba Aliopewa Mkwe

Mectilda alikuwa mwalimu, na hilo watu wamelisahau. Siku hizi hapa Mbulu ukimtaja wanasema "yule mke wa balozi", ingawa mumewe Cyprian hajawahi kuwa balozi. Ni ofisa tu ubalozini, wa kubeba mikoba ya wakubwa na kuwafungulia milango. Mimi nilifundisha naye shule ya Bashay. Darasa la tatu lilikuwa lake, na watoto waliopita mikononi mwake walifika kwangu la nne wakijua kugawanya bila kuhesabia vidole.

Cyprian alipopangiwa nje, Mectilda aliacha kazi akamfuata. Huko aliambiwa mwenza haruhusiwi kuajiriwa. Basi mwalimu mzima akageuka mtu wa kukaanga sambusa, kuvaa kitenge kipya na kuwachekea wageni asiowajua. Aliniambia kwenye simu, "Mwenzangu, mashavu yananiuma kwa kucheka." Nikamtania kwamba sisi huku tunaumwa kifua kwa vumbi la chaki.

Sasa, kwetu msiba haumwagwi kwenye simu. Mtu akiwa mbali, hutafutwa aliye karibu naye, amkalishe chini kwanza ndipo amwambie. Ni desturi nzuri, ili mradi huyo wa karibu awe na utu. Mama yake Mectilda alipofariki ghafla Endagikot, baba yake, mzee Eliakimu, alimpigia mkwe. Aliuliza jambo moja tu: tumsubiri binti aje amzike mama yake, au tuzike? Mzee alikuwa tayari kusubiri hata wiki nzima.

Cyprian akajibu palepale, "Baba, Mectilda amesema mzike tu. Hataweza kufika."

Mectilda alikuwa jikoni, hajui lolote. Alhamisi kulikuwa na tafrija ya mkubwa fulani kutoka nyumbani, na Cyprian alikuwa anasaka cheo. Mgeni njoo mwenyeji apone! Huku mama anafukiwa, kule binti anapitisha sahani na kusifiwa kwa ukarimu wake. Ijumaa asubuhi, vyombo vimeshaoshwa, ndipo mume alipomkalisha akamwambia mama amefariki na ameshazikwa. Kwamba alikuwa amejibu kwa niaba yake, hilo alilimeza. Nina hasira na mtu huyu mpaka leo, na sioni kwa nini niifiche.

Mectilda alipofika Endagikot nilikuwepo. Shangazi yake, Efrazia, alimpa mkono wa baridi, hakumkumbatia. Mectilda akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini? Si ulisema tuzike?"

"Mimi? Baba, mimi sikuambiwa! Nimeambiwa mama ameshazikwa!"

Mzee akawatazama watu waliokaa. "Mkwe wangu ni mtu wa serikali. Atasemaje uongo juu ya msiba?"

Mectilda hakubishana. Alitoa simu, akampigia mumewe, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Cyprian, niko na baba hapa. Mwambie uliniambia lini kwamba mama amefariki."

Tukamsikia akikohoa. Kisha akasema, "Halo? Halo? Mtandao unasumbua." Akakata.

Shangazi Efrazia alishika mdomo. Mimi, pamoja na kuwa mgeni kwenye msiba wa watu, nilishindwa kujizuia. "Mzee, si umesikia mwenyewe?"

"Ni mtandao," akasema. "Huku kwetu milimani ndivyo ulivyo."

Alisikia, wala si kiziwi. Ila angekubali kwamba mkwe alidanganya, ingebidi akubali pia kwamba yeye mwenyewe, kwa kumwamini mtu wa serikali, alimnyima mtoto wake kumzika mama. Hilo lilimshinda, akaona afadhali mwongo awe binti.

Mectilda hakurudi tena kwa mume. Nafasi yake serikalini ilishachukuliwa, kwa hiyo anafundisha kwa kujitolea shule ya jirani, jioni anampikia baba yake. Kila Jumapili baada ya misa mzee humpigia mkwe. Mectilda huwa palepale, ameshika mwiko, akimsikia baba yake anavyosema kwa upole, "Mvumilie, mwanangu. Msiba umemchanganya akili mkeo."