Vidonge Ndani ya Jivu

Usiku ule Kavindu hakulala. Damu ya mumewe, Mbithi, ilikuwa imepelekwa Nairobi kupimwa, na majibu yangesomwa asubuhi kliniki Machakos. Huu ulikuwa mwaka wa nne wa saratani ya damu, ile isiyoua haraka wala kuondoka, inayotulizwa kwa kidonge kimoja kila siku. Ikichachamaa ni kulazwa, na kila siku ya kitanda humeza mbuzi.

Ili asikae bure, akashusha vibuyu vya mbegu achambue ndengu. Katika kibuyu cha tatu, ndani ya jivu, mkono ukagusa pakiti. Vidonge, vya mwezi na zaidi.

"Baba Mueni! Amka. Hizi ni ndengu za aina gani?"

Mbithi akaketi, akajikuna shingo. "Ni akiba. Leo nameza, kesho naruka. Pesa ikikosekana, tusilie."

"Na jivu ni la nini? Zisitobolewe na fukusi?"

"Fukusi wa siku hizi utamwamini?"

Kavindu akacheka kabla ya kukumbuka kukasirika. Ndiye huyu aliyeshinda na uji mtupu mwaka ule wa njaa, mbegu zikingojea mvua, wala hakuonja hata punje. Lakini dawa si mbegu.

"Daktari alisema damu ikiharibika ni kwamba dawa hii imeshindwa, utahamishiwa ile nyingine. Ile ni bei ya ng'ombe, kila mwezi! Mwambie ukweli."

"Kila nikienda ananiuliza, nasema nameza. Mimi mzee wa kanisa! Nitaweka wapi uso?"

"Basi nitasema mimi."

"Usiniaibishe, Mama Mueni."

Asubuhi wakapanda matatu hadi kliniki. Kwenye benchi Kavindu akamtazama mumewe: shati lilimpwaya, kola ameipiga pasi mwenyewe. Akamfunga kifungo alichosahau. Mbithi akamwachia, kama mtoto.

Mlango ukafunguka kidogo, daktari akachungulia, faili mkononi, uso umekunjana.

"Mzee Mbithi, majibu yako si mazuri. Nafikiri hii dawa..."

Kavindu akafungua kinywa. Mbithi akamshika mkono, akasimama.

"Daktari, usiilaumu dawa. Haina makosa. Ni mimi nimekuwa nikiificha."

Daktari akaifunga faili, akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Ingieni," akasema. "Nyote wawili."