Niliosha injini na pampu ya ng'ombe, kesho yake mke wangu akashikwa na uchungu

Wakuu, habari za jioni. Leo sina siasa. Nataka kutua mzigo niliobeba tangu miaka ya tisini, na kila neno hapa ni kweli, hata pale nitakapoonekana mjinga.

Mtu aliyenifichia aibu hii tulimzika mwezi uliopita. Ndiyo maana nasimulia.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa primary huko Kimulot, upande ule mashamba ya chai yanakaribiana na msitu wa Mau. Nilikuwa na pickup ya petroli niliyoachiwa na baba. Ilikuwa nzee, lakini ilikuwa inawaka.

Simu hakuna. Magari ya abiria yalipita alfajiri, na lori ya majani ilifika kituo cha chai jioni. Katikati ya hapo ulikuwa wewe na Mungu wako.

Mke wangu, Chelangat, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza kwa kuchelewa kufika hospitali, kwa hiyo mimba hii ya pili ilitunyima usingizi sote wawili.

Alhamisi mama yake akaja kutoka Kiptere na wazo moja tu: amchukue binti yake akangojee kwa shangazi mjini Kericho, karibu na hospitali.

Nikakataa. Nilisikia ni kama ananiambia sijui kutunza mke. Nikamwambia, "Mama, gari iko. Kesho nitaifanyia service mwenyewe."

Wale wa kwetu mnajua mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Unakaa kando, unaongea kwa adabu, na kwetu hata kitu humpi mkononi. Unaweka chini, yeye anaokota. Neno ukishampa mama mkwe limetoka. Akaniangalia, akakubali.

Sasa hiyo service. Wakuu, mimi sikujua service ni nini.

Ijumaa jioni nilichukua ile pampu ya mgongoni tunayopulizia ng'ombe dawa ya kupe, nikajaza maji na sabuni, nikafungua boneti, nikapiga injini yote mpaka ikang'aa. Mama mkwe akapita na kuni, akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi sana. Nikafunga boneti bila hata kuwasha gari.

Jumamosi saa nne asubuhi, chupa ya uzazi ikapasuka.

Nikakimbilia gari, nikapiga ufunguo. Starter inazunguka vizuri, injini haishiki. Nikarudia. Nikakanyaga mafuta mpaka harufu ya petroli ikajaa boma. Betri ikaanza kuchoka.

Wachuma chai wa jirani wakaacha vikapu vyao wakaja kusukuma. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko unaoshuka hadi mtoni. Kufika katikati nikaona haishiki, nikakanyaga breki, tukaweka jiwe chini ya gurudumu.

Nilikuwa nimebaki na nusu ya mteremko. Ikiisha hiyo, gari iko mtoni na hakuna wa kuirudisha juu.

Mmoja wao akakimbia kumwita Nyakundi, Mkisii aliyekuwa fundi wa matrekta ya estate. Alikuwa Msabato, na hiyo ilikuwa Jumamosi. Alitolewa kanisani. Akaja na suti, akatundika koti kwenye ua, akakunja mikono ya shati jeupe.

"Mwalimu, leo ni Sabato," akasema, "lakini ng'ombe akianguka kwa shimo hatungoji jioni. Kuna kitu uligusa hapa?"

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu.

Nikasema, "Hapana. Nilifanya service jana tu."

"Plagi, points, yote?"

"Yote."

Hapo ndipo nilipokosea kabisa, wakuu. Nyakundi alikuwa mtu wa kuamini neno la mwalimu. Akasema kama service ni ya jana basi moto uko sawa, shida ni petroli. Akaanza na pampu ya mafuta. Akaja kwa kabureta, akaifungua yote, akapuliza vitundu kimoja kimoja. Karibu saa nzima.

Na mimi nilisimama pale namshikia spana, najua nimedanganya, na bado mdomo haufunguki.

Kutoka nyumbani tulikuwa tunamsikia Chelangat akilia. Kelele ilinitisha. Kisha akanyamaza, na hicho kimya kikanimaliza. Mama mkwe akapanda mbio kumwangalia, akarudi na macho mekundu. "Amechoka," akasema. "Gari inasema nini?"

Nikaweka spana chini.

"Sikufanya service. Sijui service. Niliosha tu injini na pampu ya ng'ombe."

Nyakundi hakunitusi. Alifungua ile kofia nyeusi ya distributor, inayogawa moto kwa plagi, akanikabidhi nione ndani. Matone ya maji, na povu la sabuni limeganda pembeni.

"Hii imelowa kama soksi. Ikauke kabisa, ama hatuendi mahali."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Nikainama kuweka kofia chini kwa desturi. Akaipokonya mkononi mwangu.

"Sandana," akasema, yaani mkwe wangu, "mimi nimekausha vibuyu vya maziwa ya mursik miaka yote. Kibuyu kikibaki na unyevu ndani, maziwa yanaharibika. Sasa ni hii itanishinda?"

Akaifuta na leso yake, akaipeleka jikoni, akaielekeza kwenye makaa kwa mbali, akiigeuza polepole bila kuichoma. Nyakundi akakausha plagi na kurudisha kabureta. Mama mkwe alirudi akikimbia, kofia ina vuguvugu.

Tukatoa jiwe. Sikuomba maneno mengi, niliita tu jina la Mungu.

Gari ilishika hatua chache kabla ya daraja la mtoni.

Sikuthubutu kuizima. Wakamteremsha Chelangat kwa kiti. Mama mkwe akambeba mapajani, bega lake likanigusa njia yote kupitia Boito hadi hospitali, na hakuna aliyekumbuka adabu.

Mtoto alizaliwa saa nane, msichana, kamba imemzunguka shingo. Nesi akasema tumefika kwa bahati. Tukamwita Cheptoo, jina la msichana anayezaliwa wakati nyumbani kuna mgeni.

Tuliporudi, watu wakauliza gari ilikuwa na nini. Nikainamisha kichwa. Mama mkwe akajibu kabla yangu, "Ni baridi ya Kimulot tu." Nyakundi akaangalia viatu vyake.

Mama mkwe alisema hivyo maisha yake yote. Kwenye mazishi yake mwezi uliopita, Cheptoo akawasimulia waombolezaji habari ya gari ya baba iliyokataa kuwaka kwa sababu ya baridi. Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, nusura mke wangu azikwe na mtoto wake. Fundi akikuuliza umegusa nini, mwambie, hata kama mama mkwe amesimama hapo.

Kama kuna mwingine gari ilimwaibisha hivi, aseme. Usiogope, hapa umeshatanguliwa.

Na Cheptoo, najua huwa unapita humu. Haikuwa baridi, mama.