Habari za Macho

Kazi yangu ni kuwafundisha Kiswahili wageni wanaokuja kukaa Bagamoyo, na somo la kwanza huwa ni lile lile. Ukiulizwa habari, jibu "nzuri". Umelala na njaa, nzuri. Umefiwa, nzuri kwanza, halafu ndipo useme, "ila tumepata msiba." Hatumwagii mtu mabaya yetu mlangoni kabla hajavua viatu. Wanafunzi wangu husalimia vizuri, na mimi huringa nao mtaani bila kificho.

Aliyenishinda alitoka Ufini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, aliyepanga chumba nyumbani kwetu, kwa mama yangu. Alinieleza kwamba kwao mtu haulizi hali ya mwenzake kama hana muda wa kusikia jibu. Basi asubuhi ya kwanza, jirani yetu muuza vitumbua alipomwuliza habari za kuamka, mgeni alisimama, akafikiri, akasema, "Mbaya kidogo. Mbu wawili waliingia ndani ya chandarua, tumbo linaunguruma, na nimeota ninafukuzwa na bata."

Jirani aliweka beseni chini. Alikuwa hajapata jibu kama hilo tangu azaliwe. Jioni alileta chai ya tangawizi, na kesho yake wakaja wanawake watatu kwa makusudi, wamwulize habari za kuamka wapate kusikia. Nilikasirika. Mtaa mzima ulijua mwalimu wake ni nani.

"Wanakuuliza kwa adabu tu," nilimgombeza darasani, yaani kwenye chumba chetu cha uani. "Hawataki maelezo."

"Lakini wanarudi," alisema.

Nilimwambia afungue daftari.

Mama ndiye aliyempenda kuliko wote. Kila alasiri walikaa barazani wakichambua mchele kwenye sinia, vicheko vyao vikinifikia huku ndani. Siku hizo hizo ndipo nilipoanza kutafuna mawe kwenye wali. Nilimtania mgeni mbele ya chakula kwamba Ufini nzima hakuna anayejua kuchambua mchele, naye akawa mwekundu, akainama. Mama pia aliinama.

Siku moja tulikuwa kwenye mazoezi ya salamu, nikamwuliza, "Mama hajambo?"

Nilisubiri "hajambo" yangu. Aliweka kalamu mezani.

"Mama yako haoni vizuri. Jicho la kushoto lina ukungu, na la kulia linaanza. Mchele anauchambua kwa kupapasa. Aliniomba nisikwambie, kwa sababu una kazi nyingi. Lakini sasa umeniuliza."

"Alikwambia lini?"

"Nilimwuliza habari za macho. Akasema nzuri. Nikasema, nzuri kweli?"

Nilitoka bila kuaga. Nilimkasirikia mgeni, kisha nikamkasirikia mama, na nilipofika barazani hasira yote ilikuwa imenirudia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za macho?"

"Nzuri tu, alhamdulillahi." Aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti yangu, nikauona ukungu kwenye jicho lake, wazi kabisa, wala haukuwa wa jana.

"Mama, mbona hukuniambia? Kila siku nakuamkia, nakuuliza habari!"

"Wewe unanisalimia," alisema polepole, bila kunilaumu. "Yule ananiuliza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwanafunzi yeyote. Nilikaa pale nikachambua ule mchele wote, na mawe yalikuwa mengi.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa, na mama asichelewe zaidi. Nilifunga darasa, tukaenda hospitali akatolewa. Asubuhi bandeji ilipofunguliwa, mimi na mgeni tulikuwa kando ya kitanda.

"Habari za macho, mama?"

"Nzuri."

Mgeni alikohoa. Mama akaangua kicheko.

"Nzuri kweli! Kumbe mgeni wetu huyu ana vidoa pua nzima, na hamkunieleza. Na pazia lile ni chafu." Muuguzi alilitazama pazia, akacheka naye. Kisha mama akanigeukia mimi, akanitazama kwa utaratibu, sehemu moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akitazama mchele zamani. "Mbona umekonda hivi? Habari zako?"

"Nzuri," nilisema, maana mdomo umezoea.

Hakuondoa macho. Alisogea kidogo, akapigapiga kitanda pale kando yake. Niliketi, nikajibu upya.